Maharagwe Matamu na Mji Uliofua Bunduki

Kitu cha kwanza nilichokula nikiwa juu ya baiskeli Japani kilikuwa maharagwe. Si utani. Ni maharagwe madogo mekundu yanayoitwa azuki. Yalikuwa yamechemshwa, yakapondwa, yakatiwa sukari mpaka yakasahau kwamba yaliwahi kuwa maharagwe, kisha yakagandishwa kwa unga unaotokana na mwani wa baharini. Unachopewa ni kipande kirefu cheusi kinachong'aa, umbo lake kama mche wa sabuni ya kufulia. Jina lake ni yokan.

Waendesha baiskeli wa huko huitia mfukoni jinsi sisi tunavyobeba ndizi. Haina mafuta, haiyeyuki juani kama chokoleti, na sukari yake inafika miguuni haraka. Kuna kampuni hata inatengeneza yokan maalum ya wanamichezo. Mimi nimelelewa kwa githeri na maharagwe ya chumvi, kwa hivyo kipande cha kwanza nilitaka kukitema. Cha pili nilikila kwa sababu ya njaa. Kufikia cha tatu nilikuwa nauliza duka liko wapi.

Halafu nikajua maana ya jina. Zile herufi za Kichina zinazoandika "yokan" zinasema supu ya kondoo. Kule China ilikuwa supu ya nyama kweli, ile inayoganda ikipoa. Watawa wa Kibudha waliokuwa wakienda kusoma China hawakula nyama, wakaiga kile chakula kwa kutumia maharagwe. Baadaye, karne ya 17, Wajapani wakajua kukausha mwani kuwa kanten, kile kigandishi, na yokan ikapata ulaini ilio nao leo. Kondoo alishatoka kwenye sufuria kitambo, lakini jina hakuna aliyelibadilisha. Karne na karne watu wanakula supu ya kondoo isiyo na kondoo na hakuna anayelalamika.

Nilikuwa nimeenda kumtembelea binamu yangu anayefanya kazi Osaka. Yeye akienda kazini mimi nilibaki na baiskeli yake, ile ya kikapu mbele na kiti cha chini ambayo Wajapani wanaiita mamachari, baiskeli ya mama. Ukiwa umewahi kuona baiskeli za mtumba kutoka Japani zikiuzwa kwetu, unaijua. Siku moja aliniambia, "Wewe si unapenda mambo ya kale? Nenda Sakai. Vuka mto tu."

Mto wenyewe ni Yamato, na ni vizuri kuanzia hapo kwa sababu ulichangia kuuzika mji ninaotaka kuwaeleza. Zamani haukupita pale. Mwaka 1704 serikali ya shogun iliugeuza mkondo wake ili kuzuia mafuriko kwenye nyanda za mashariki ya Osaka, ukaletwa kumwagikia baharini kaskazini tu mwa Sakai. Mchanga ukaanza kujaa mbele ya bandari. Ukisimama juu ya daraja leo unaona maji mapana, ya kina kifupi, na ndege weupe wamesimama katikati bila wasiwasi. Ni mahali pazuri pa kula kipande cha yokan, ingawa ndipo bandari ya watu ilipoanza kukabwa koo.

Kabla ya hapo Sakai ilikuwa kitu kingine. Karne ya 16, wakati Japani nzima ilikuwa vitani, mabwana wakichinjana kutoka mkoa hadi mkoa, mji huu ulizungukwa na mifereji ya maji na kuendeshwa na baraza la wafanyabiashara. Haukuwa na bwana wa vita wake. Mjesuiti Gaspar Vilela aliufananisha na Venice. Meli zake zilifanya biashara na China ya Ming na visiwa vya Ryukyu, na vitu vikaingia: hariri, dawa, vyombo vya udongo, sukari. Halafu mwaka 1543 Wareno wakafika kisiwa cha Tanegashima, kusini kabisa, wakiwa na bunduki. Mfanyabiashara wa Sakai anayeitwa Tachibanaya Matasaburo alikuwa kisiwani humo, akajifunza jinsi zinavyotengenezwa, akarudi nyumbani na ujuzi huo kichwani. Mji wenye wafua chuma wengi na pesa nyingi haukuhitaji kuambiwa mara mbili.

Niliingia Sakai kutoka kaskazini, na mtaa wa kwanza wa kale niliokutana nao ndio huo wa wafua bunduki. Vichochoro vyembamba, nyumba za mbao za rangi ya kahawa iliyoungua. Mojawapo, nyumba ya ukoo wa Inoue Sekiemon, ni karakana ya bunduki ya karne ya 17 ambayo bado imesimama, na tangu 2024 imefunguliwa kama makumbusho. Imesimama kwa bahati: Julai 10, 1945, ndege za Marekani ziliunguza sehemu kubwa ya katikati ya mji, ila pembe hii ya kaskazini ikapona. Ndani ya nyumba walikuta nyaraka maelfu kwa maelfu, na zinaonyesha mafundi hawa walikuwa bado wanapokea oda za mabwana wengi hadi karne ya 19. Watu walidhani biashara ya bunduki ilikufa mara tu amani ilipokuja. Kumbe risiti zilikuwa zimejaa darini.

Watoto wawili wa shule walisimama wakanitazama nikifunga baiskeli. Mmoja akasema kitu, mwingine akacheka, wote wakainama kwa heshima wakakimbia. Sikukasirika. Nilimkumbuka Yasuke. Wengi wetu tumemjua kupitia katuni na michezo ya kompyuta, yule Mwafrika aliyekuja kuwa mtu wa karibu wa Oda Nobunaga. Alifika Japani 1579 na Mjesuiti Alessandro Valignano, na 1581 msafara wao ulipitia hapa Sakai ukielekea Kyoto. Kule Kyoto watu walisukumana hadi wakavunja mlango wa nyumba ya mapadri, ili wamwone tu. François Solier, Mjesuiti mwingine aliyeandika 1627, alisema alitoka Msumbiji. Kama ni kweli, basi alisafiri njia ileile ya meli za Wareno iliyounganisha pwani yetu na Goa, Macau na Nagasaki. Meli hizo ndizo zilizotuachia sisi neno "meza" na kuwaachia Wajapani neno "pan", mkate. Na huyo huyo Nobunaga, miaka kumi na miwili kabla ya kumwona Yasuke, alikuwa amepewa zawadi na padri Luís Fróis: chupa ya kioo yenye peremende ndogo za sukari. Wareno waliziita confeito. Wajapani wanaziita kompeito hadi leo na zinauzwa kila mahali, vinyota vidogo vya rangi rangi. Nilikuwa na pakiti kikapuni. Zinagonga meno vibaya sana.

Kutoka mtaa wa bunduki unashuka kusini kwa barabara pana ambayo tramu hupita katikati, moja tu, imechoka, inalia kengele kama ya mwuza aiskrimu. Joto lilikuwa la Mombasa mwezi wa pili, ila bila upepo wa bahari. Hapo katikati, eneo la Shukuin, kuna mahali pawili karibu karibu ambapo kwa macho hakuna mengi ya kuona lakini nilikaa muda mrefu.

Pa kwanza ni kiwanja palipokuwa na nyumba ya Sen no Rikyu. Alizaliwa Sakai mwaka 1522, nyumba ya wafanyabiashara, akawa bwana wa chai kuliko wote katika historia ya nchi yake. Yeye ndiye aliyechukua ile shughuli ya chai, iliyokuwa maonyesho ya vyombo vya bei kutoka China, akaiingiza ndani ya kibanda kidogo cha udongo chenye mlango wa chini kiasi kwamba hata samurai lazima atambae. Mwaka 1591 Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa mtawala na mwanafunzi wake wa chai, alimwamuru ajiue. Sababu zinabishaniwa mpaka leo.

Mimi nilichotaka kujua ni alikula nini na hiyo chai. Maana leo ukiagiza matcha, ile chai ya kijani chungu, lazima iletwe na kitu kitamu, na kitamu kinaliwa kwanza, kama vile Mombasa halua inavyotangulia kahawa chungu kwenye kikombe kidogo. Nilidhani mambo yalikuwa hivyo tangu Adamu. Hapana. Orodha zinazohusishwa na vikao vya Rikyu zinataja njugu za chestinati, matunda makavu, mwani, uyoga, na chapati nyembamba ya ngano iliyopakwa miso, yaani maharagwe ya soya yaliyochachushwa, ya chumvi. Vitamu vya kupendeza vyenye umbo la maua na majani ya vuli, ambavyo tunaviona mtandaoni tukiambiwa ni roho ya Japani ya kale, vingi ni vya baadaye. Rikyu angeviona pengine angeinua nyusi. Kwa nini? Sukari ilikuwa dawa. Ilikuja kwa meli kutoka mbali na kuuzwa kwa mizani midogo.

Pa pili ni kando ya barabara, jiwe la kumbukumbu na magari yanapita. Hapa palikuwa na duka la vitamu, Surugaya, lililojulikana kwa yokan yake. Barabara ilipanuliwa na duka likaliwa na lami. Mwaka 1878 alizaliwa hapo msichana aliyeitwa Ho Sho. Alikua akisaidia dukani na kushika hesabu, na akimaliza kazi usiku anasoma vitabu vya zamani vya Kijapani. Mwaka 1901 alitoroka nyumbani akaenda Tokyo kumfuata mshairi mwenzake, na mwaka huohuo akatoa kitabu cha mashairi ya mapenzi yaliyoandikwa bila aibu, jambo ambalo mwanamke hakutarajiwa kufanya. Dunia inamjua kama Yosano Akiko.

Mwaka 1904 Japani ilikuwa ikipigana na Urusi, na mdogo wake wa kiume alikuwa jeshini. Akiko akachapisha shairi la kumsihi asife. Kilichonigusa ni hoja yake. Hakumwambia tu "wewe ni ndugu yangu." Alimkumbusha yeye ni nani: mrithi wa nyumba ya kale ya biashara ya Sakai, mtu ambaye kuanguka au kusimama kwa ngome ya adui si shughuli ya ukoo wao. Kwa maneno mengine: wewe ni mtu wa yokan, rudi dukani. Mhakiki Omachi Keigetsu alimwita msaliti. Kaka mtu alirudi salama. Na nisipambe: Akiko huyohuyo, miaka ya baadaye, aliandika mashairi ya kusifu vita. Lakini lile la 1904 linanikaa, kwa sababu limetoka katika mji uliojua bei ya pande zote mbili. Umbali kati ya duka la kina Ho na mtaa wa wafua bunduki ni dakika chache za baiskeli. Nilizipiga mwenyewe.

Hapo nilikuwa na njaa ya kweli. Nikashuka kusini zaidi hadi kwenye duka linaloitwa Kanbukuro, ambalo husema lilianza mwaka 1329. Soma tena huo mwaka. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mnamo 1331. Zamani lilikuwa na jina lingine, Izumiya, na hadithi ya jina jipya nimeipenda mno. Mwaka 1593 mwenye duka alienda kwenye ujenzi wa jumba la Hideyoshi. Mikono yake ilikuwa na nguvu kwa kutwanga mochi, ule mchele wa kunata unaopondwa kwa nyundo ya mbao, basi akawa anarusha vigae hadi juu ya paa kimoja kimoja, vinapaa kama mifuko ya karatasi iliyochukuliwa na upepo. Hideyoshi akafurahi, akasema duka liitwe hivyo, mfuko wa karatasi. Ndivyo wenyewe wanavyosimulia, na mimi sina sababu ya kuwaharibia. Mwaka huohuo Wareno walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa.

Wanauza kitu kimoja tu: kurumi mochi. Vidonge vyeupe vya mochi vimezama ndani ya uji mzito wa maharagwe, kijani hafifu. Wakati wa joto unaweza kuagiza juu yake kilima cha barafu iliyokwanguliwa. Hilo la barafu waliongeza enzi ya Meiji, mashine za barafu zilipoingia nchini. Nilikula taratibu. Uji ni mtamu lakini kuna kitu cha shamba nyuma yake, kama mahindi mabichi. Mzee aliyeketi meza ya pili alinionyesha kwa ishara nikoroge, nisile barafu peke yake kama mjinga. Nikakoroga. Alikuwa sahihi.

Sasa hapa ndipo pa kusimama. Wenye duka wanasema mwanzoni uji ule ulikuwa wa chumvi. Sukari haikuwepo. Ni meli za biashara na China ndizo zilizoleta sukari, na chakula kilekile, maharagwe yaleyale, mochi ileile, kikageuka kitamu. Bakuli moja lina historia nzima ya bahari ndani yake. Na mji una kingine cha namna hiyo, keshi mochi: unga wa maharagwe matamu ndani ya mochi, nje umeviringishwa kwenye mbegu ndogo ndogo za ule mmea wa afyuni, mbegu zenyewe hazilevyi, zinanukia njugu. Nayo mbegu iliingia kwa biashara ya mbali, ikapandwa mashamba ya karibu na Sakai. Nilibeba sita kikapuni, nikafika na nne.

Swali langu lilikuwa: hiyo sukari ilikuwa ya nani?

Naomba mniruhusu nieleze kwa nini swali hili linanisumbua. Nimekulia magharibi mwa Kenya, katikati ya miwa. Tulipokuwa watoto tulikimbiza matrekta barabarani tukichomoa muwa mmoja mmoja kutoka nyuma ya trela, na dereva akigeuka tunapotelea vichakani. Babu yangu alikuwa na ekari nne za miwa. Karo yangu ya chuo ilitegemea ekari hizo. Alivuna, kiwanda kikachukua, malipo yakachelewa mwaka, kisha mwaka wa pili. Muhula wa tano sikurudi. Sisemi haya ili mnihurumie, nasema kwa sababu mtu kama mimi akionja kitu kitamu, kichwa chake huenda moja kwa moja kwa aliyekata muwa.

Basi. Baada ya Japani kufunga milango yake miaka ya 1630, sukari iliingia kupitia Nagasaki pekee, kwa meli za Wachina na Waholanzi. Waholanzi walizijaza chini ya meli kama uzito wa kuituliza isiyumbe. Nyingi ilitoka Java, mashamba yaliyozunguka Batavia, ambayo leo ni Jakarta, yaliyoendeshwa na Wachina wahamiaji. Mwaka 1740, biashara hiyo ikiwa taabani na vibarua hawana kazi, ghasia zikazuka na maelfu ya Wachina wa Batavia wakauawa. Kutoka Nagasaki shehena ilipanda kuja Osaka, sokoni, na kutoka Osaka ikaenda kila mahali penye mpishi wa vitamu.

Lakini sukari nyeusi, ile ambayo sisi tungeiita sukari guru, ilitoka karibu zaidi, na habari yake ni mbaya zaidi. Mwaka 1609 ukoo wa Satsuma, kusini mwa Japani, ulivamia ufalme wa Ryukyu na kujichukulia visiwa vya Amami. Kadiri Wajapani walivyozoea utamu, ndivyo Amami ilivyogeuzwa kuwa shamba moja la miwa. Kufikia miaka ya 1820 Satsuma ilikuwa na deni la kutisha, ryo milioni tano. Ofisa wake Zusho Hirosato akabuni njia mbili za kujinasua. Ya kwanza, akawaambia wenye kudai watalipwa polepole, bila riba, kwa miaka 250. (Mkopeshaji wa simu asome hapo.) Ya pili, kuanzia 1830, akakaza kamba visiwani: sukari yote ya Amami Oshima, Kikai na Tokunoshima inunuliwe na serikali ya Satsuma peke yake, kwa bei yake, kwa kubadilishana na mchele na bidhaa, si kwa pesa. Aliyekamatwa akiiuza kwa siri aliweza kuuawa. Mashamba ya viazi na mpunga yakawa miwa, njaa ikifika hakuna cha kula. Walioshindwa kutimiza kiwango walijiuza kwa matajiri wa kijijini wakawa vibarua wa kufungwa na deni, wanaitwa yanchu, na kisiwa kikajaa hao. Wajapani wenyewe wana jina la kipindi hicho: jehanamu ya sukari nyeusi.

Sukari hiyo iliuzwa Osaka, ng'ambo ya mto nilioukuja nikiuvuka. Faida yake iliijenga Satsuma, ikanunua silaha na meli, na Satsuma ikawa mojawapo ya nguvu zilizompindua shogun mwaka 1868. Ile Japani ya kisasa tunayoambiwa iliruka kutoka usingizini kwenda viwandani kwa nidhamu na bidii, ilikuwa na mguu mmoja juu ya mgongo wa mkata miwa wa Amami. Hatuna haja ya kushangaa sana. Karne hiyohiyo, kando ya mto Pangani, watumwa walikuwa wanakata miwa na kukoroga masufuria ya sukari chini ya mabwana wa pwani. Muwa ni mmea mmoja, na popote ulipokwenda ulitafuta mtu wa kuinamishwa.

Nilimaliza bakuli. Sitadanganya kwamba lilinishinda. Lilikuwa tamu, na nililamba kijiko.

Mchana uliobaki niliutumia upande wa mashariki. Huko kuna kaburi la Daisen, kilima chenye umbo la tundu la kufuli, urefu mita 486, kilichozungukwa na mifereji, cha karne ya tano. Tangu 2019 liko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kusema kweli, ukiwa chini unaona msitu na maji tu, lazima uwe ndege. Baiskeli ndiyo njia nzuri ya kuuelewa ukubwa wake: unazunguka, unazunguka, bado hujamaliza. Nililizunguka na keshi mochi mbili.

Nikamalizia kwenye makumbusho ya baiskeli ya Shimano, ambayo tangu 2022 yako katika jengo jipya karibu na stesheni ya Sakai-Higashi. Wanaanza na mashine ya mbao isiyo na pedali ya Mjerumani Karl von Drais, 1817, na kuja hadi leo. Lakini kwangu mimi kilichokuwa cha maana ni jibu la swali rahisi: kwa nini hapa? Kwa nini nusu ya mafundi wa baiskeli Nairobi wanajua jina la kampuni ya mji huu, jina lililochongwa kwenye gia wanazozibadilisha kila siku, bila kujua kuna mji?

Jibu ni bunduki. Enzi ya Meiji ilipoingia, serikali ikaunda viwanda vyake vya silaha, na mafundi wa bunduki za kale wakabaki na mikono isiyo na kazi. Wakati uohuo baiskeli za Ulaya na Marekani zilianza kuingia. Zilikuwa ghali, watu walizikodi, na ziliharibika. Nani atazitengeneza? Bunduki ni bomba la chuma lililonyooka na skrubu zinazokaa sawasawa. Baiskeli nayo ni mabomba na skrubu. Kule Tokyo mfua bunduki Miyata Eisuke alikuwa ameshatengeneza baiskeli mnamo 1890. Hapa Sakai walianza na matengenezo, wakaenda kwenye vipuri, na vipuri vikawa kazi ya mji. Mwaka 1921 kijana wa Sakai, Shimano Shozaburo, alifungua karakana akiwa na mashine moja ya kukereza chuma. Akachagua kuanza na kipuri kigumu kuliko vyote, friwili: kile kidude cha gurudumu la nyuma kinachokuruhusu kuacha kukanyaga na baiskeli ikaendelea. Kile kinacholia tik-tik-tik ukiteremka.

Nilitoka jioni, nikavuka tena Yamato, nimeacha kukanyaga kwenye mteremko wa daraja, nasikiliza huo mlio. Kikapuni nilikuwa na mche mmoja wa yokan ambao sikuugusa.

Huo nilikuja nao mpaka nyumbani. Babu alikuwa ameketi nje kando ya Black Mamba yake, ile nyeusi yenye keria kubwa, ambayo imebeba miwa, mahindi, nyanya akiwa mjamzito, na mimi. Nilimkatia kipande kwa kisu cha jikoni. Akakitafuna muda mrefu akitazama barabara.

"Hii ni maharagwe," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Nani ametia sukari kwa maharagwe?"

Nikaanza kumweleza habari za Amami. Alisikiliza hadi pale pa kulipwa kwa mchele badala ya pesa, akacheka kicheko kifupi cha puani, akaniuliza kama angalau huo mchele ulikuwa unafika kwa wakati. Kisha akafunga kilichobaki ndani ya karatasi yake, akakunja pembe vizuri, na kuniambia nikipeleke ndani kwa nyanya kabla hakijaliwa na sisimizi.